Debe Lililotazama Juu

Maungu,
Jumanne, 3 Juni 2025

Mwalimu Mwandawiro,

Shikamoo. Ni mimi Wakio, binti Kituku wa Kasigau. Ulinifundisha darasa la tano kabla hujahamishiwa Voi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwenye hasira aandike, asipige kelele. Barua hii ataileta mdogo wangu Solomon, fundi wa pikipiki hapo Voi. Ndiye aliyeniletea ule ukurasa wa kamusi yako ya maneno ya mtaani, uliobandikwa duka la vitabu ili watu waisubiri kwa hamu.

Nimeusoma, na sikatai, nimecheka. Kwamba vijana wa Voi humwita mama mkwe "mizani", kwa sababu hakuna kinachopita bila yeye kukipima, hilo sikulijua, na wangu nimemficha ukurasa. Kwamba "valentine" ni chai iliyopoa mkimngoja mtu, hilo nalo nimelipenda. Kisha nikafika herufi P.

"Piga kituku: kujifanya upo mahali hali umeondoka, kuacha koti kwenye kiti cha ofisi ukaenda zako. Mfano: Karani amepiga kituku tangu saa tatu. Asili: haijulikani."

Mwalimu, nina mtoto wa kiume wa wiki tatu. Kaka yake alichukua jina la upande wa baba, akaitwa Ndulu. Huyu ni wa upande wetu. Kwa desturi jina lake linajulikana tangu akiwa tumboni: Kituku. Baba ana miaka sabini na minne, hana mjukuu mwingine aliyebeba jina lake, na ameshamfunga jogoo kamba mguuni akingoja siku ya kumpa jina. Lakini Nicholas, mume wangu, anauza matairi hapa barabarani, na kutwa anawasikia madereva wakilitumia neno hilo. Amekataa katakata. Amesema, "Mtoto wangu haitwi koti." Anataka Lewis. Mtoto ataombewa kanisani Jumapili tarehe 29, na mchungaji atauliza jina mbele ya watu wote.

Ninamlainisha Nicholas pole pole. Lakini kitabu chako kikitoka na neno hilo ndani, sina tena la kumwambia. Neno la mdomoni huchoka likafa. La kitabuni haliondoki. Naomba ulitoe.

Mwanafunzi wako,
Wakio


Voi,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Wakio mwanangu,

Marahaba. Jibu ni la. Nimelitanguliza ili usihangaike kulitafuta huko chini.

Miaka thelathini nimepigana na watu wanaotaka Kiswahili kivae tai. Nimegombana nao magazetini, kwenye semina, na mara moja mazishini, jambo ambalo familia ya marehemu haijanisamehe. Wanataka kamusi za maneno safi, yaliyokaa mstari kama watoto wa gwaride. Mimi nataka maneno yenye vumbi la stendi. Lugha haiombi ruhusa kwa chifu. Mpakiaji wa magunia akitunga neno asubuhi, na jioni muuza nyanya akalitumia bila kuuliza maana, neno hilo ni raia kamili, lina haki ya kuandikwa.

Na hilo unalotaka nilitoe ndilo neno bora kuliko yote niliyokusanya. Unajua linafanya kazi gani? Mama wa kutoka Ronge anaamka alfajiri, anafunga safari na faili lake la shamba, anafika ofisini na kukuta koti limekaa kitini lenyewe. Zamani angefanya nini? Angeinama, aseme "nitarudi kesho", na kesho alikute koti lile lile. Leo anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Huyu amepiga kituku!" Foleni nzima inaangua kicheko. Nimeona kwa macho yangu karani akitoka mbio hotelini na chapati mkononi. Nitajie barua moja ya malalamiko iliyowahi kumtenganisha karani na chapati. Hilo ndilo jiwe la mnyonge, Wakio, na wewe unaniomba nimpokonye.

Nicholas naye mwambie aache woga. Jina langu, Donald, pale stendi maana yake ni mtu anayebishana hata na chumvi. Nimekosa usingizi? Nimeliweka kitabuni mwenyewe, herufi D.

Mzee Kituku ni mtu mzima, naye hana uhusiano na neno hili zaidi ya kufanana jina. Asili haijulikani, na huo ndio utukufu wake: limezaliwa na umma. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji tarehe 20.

Mwalimu wako asiyetikisika,
Donald Mwandawiro


Maungu,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Uliandika "asili haijulikani" na kalamu haikukwama?

Nilikuwepo. Ilikuwa Juni 2003, kwenye baraza la chifu, asubuhi baada ya ndovu kumaliza pojo zako. Kwa kuwa umesahau, nitakusimulia kama mgeni. Upande ule wa mlima kila shamba lina dungu lake la kulindia, na kila dungu lina debe lililofungwa kwenye nguzo. Debe likitazama juu, mlinzi yupo. Mlinzi akilazimika kushuka kabla ya zamu yake kwisha, analifunika, mdomo chini, na jirani akiliona anapanda kuishika zamu hiyo. Siku ile baba alishuka jua likiwa bado kichwani mwa mlima, kwa sababu mama alikuwa na uchungu wa Solomon na ilibidi apelekwe zahanati kwa baiskeli. Hakuna aliyemlaumu kwa kushuka. Mlimlaumu kwa debe. Lilibaki likitazama juu, nyote mkaamini kuna mtu, na ndovu wakaingia.

Chifu alimuuliza kwa nini hakuligeuza. Baba akasema, "Nilisahau." Hakuongeza hata neno. Ndipo ukasimama wewe, mwalimu kijana mwenye shati jeupe, ukasema, "Jamani, huyu ametupiga kituku!" Watu walicheka mpaka chifu akafuta macho. Wiki hiyo hiyo wapakiaji wa lori wakalichukua hapa Maungu. Mwezi wa nane nililisikia sokoni Voi, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mlima wetu.

Ni miaka ishirini na miwili sasa. Mwaka jana nilimpeleka baba mjini kurekebisha kitambulisho. Msichana wa dirishani alisoma jina, akainua macho, akasema, "Mzee, uko kweli ama ni koti?" Baba alicheka naye. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mkono haukucheka.

Kwa hiyo usiniambie habari za umma. Neno hili lina baba yake. Na baba yake ameacha koti kitabuni, "asili haijulikani", akaenda zake. Kitendo hicho kina jina, Mwalimu. Liko herufi P.

Wakio


Voi,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Wakio,

Marahaba, na umepiga penyewe.

Sikusahau. Niliandika "haijulikani" nikijiambia kwamba mwandishi akijitaja kwenye kamusi yake mwenyewe ni sawa na refa kufunga bao. Ilikuwa sababu tamu, na sababu tamu nazijua: nimezichana za watu wengine maisha yangu yote. Hii yangu niliipita bila kuiangalia. Nitairekebisha. Chini ya neno hilo litaandikwa jina langu, mwaka na mahali.

Lakini usidhani nimekunja mkeka. Nilikuwa mgeni Kasigau, nimekodi ekari moja, na nilipalilia pojo zile kwa mikono hii iliyozoea chaki. Nyumba tatu zililiamini debe lile. Debe ni ahadi. Ukiliacha likitazama juu, umemwambia jirani uongo bila kufungua mdomo.

Na kuna jambo limenikera tangu siku ile, hata leo. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani? Hakuwahi kuacha jembe shambani. Alikuwa akifunga mlango wa zizi, anarudi kuusukuma tena. Mtu wa hivyo anasahauje debe? Sikumwamini. Nilidhani anatudharau, kwamba hatustahili hata kutungiwa sababu. Ndiyo maana nilisema kwa ukali ule. Angesema "nilichanganyikiwa, mke wangu alikuwa anakufa," ningekaa chini.

Kesho napanda basi la Kasigau. Nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Akinipa jibu la maana, neno linatoka. Akinirudishia lile lile la "nilisahau", linabaki, na mimi chini yake.

Donald Mwandawiro


Maungu,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwalimu,

Solomon ameniletea barua yako sasa hivi. Nimemwambia arudi Voi mbio, akukute kabla basi halijaondoka. Tafadhali usiende. Usimuulize baba.

Hakusahau.

Mimi ndiye niliyetumwa dunguni kumwita siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alishuka ngazi kwa kuruka, akatangulia mbio, akanipigia kelele, "Geuza debe uje!" Nilishika ngazi. Nikasikia matawi yakivunjika ng'ambo ya ua wa miiba. Nikaachilia ngazi nikamfuata. Njiani aliniuliza, huku akihema, "Umegeuza?" Nikasema, "Ndiyo, baba."

Asubuhi yake barazani chifu aliposema debe lilikutwa likitazama juu, baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama na wanawake, nimembeba Solomon aliyezaliwa jana yake. Alinitazama muda mfupi tu, kisha akasema vile alivyosema.

Hatujawahi kulizungumza. Hata siku moja. Nicholas hajui. Solomon hajui, naye ndiye atakayekuletea barua hii mfukoni.

Sasa unajua kwa nini nakuomba. Si aibu ya baba peke yake ninayoikimbia.

Wakio


Kasigau,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Wakio mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwenu, kwenye meza ambayo mguu wake mmoja bado umewekewa jiwe. Nilifika Jumamosi mchana. Barabara yenu ni ile ile. Mifupa yangu ndiyo imebadilika.

Baba yako alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Mwandawiro, umezeeka."

"Na wewe pia, Mzee Kituku."

"Mimi nilianza mapema. Wewe una haraka ya nini?"

Tulikula, kisha nikamweleza yote: kitabu, neno, barua zako, Nicholas na Lewis wake. Nikamwambia neno lile nililitunga mimi na sikuwa muungwana kulificha hilo. Akasema, "Ulidhani sijui nani aliyelisema? Nilikuwa nimesimama mbele yako." Kisha nikamuuliza lile lililonipeleka. Kwa nini debe halikugeuzwa?

Alimwita paka, paka akakataa kuja. Halafu akasema, "Nilisahau."

Nikamwambia siamini. Akasema, "Usipoamini, ni shida yako na ndovu." Hapo mjadala ukafungwa, na unajua mimi si mtu wa kufungiwa mjadala.

Kuhusu kitabu, nilidhani atasema kama wewe. Hakusema. Aliniuliza, "Wewe jina lako limefika wapi?" Nikasema limechapwa magazetini miaka thelathini. "Magazeti tunafungia mandazi," akasema. "Langu linatajwa Voi, Mwatate, mpaka Taveta, kila siku ya kazi. Liache." Kuhusu mtoto aliongea polepole zaidi. "Wasimpe kwa kunihurumia. Jina la huruma linampinda mtoto mgongo. Wakitaka Lewis, awe Lewis. Jogoo tutamla vile vile."

Nimekaa naye dunguni jioni mbili, maana nilijiambia nina zamu ninayodaiwa. Na nimeona ajabu. Kila tukishuka kwenda kula, analigeuza debe, anashuka ngazi, anatembea hatua kumi, kisha anarudi kulitazama. Jana alirudi mara mbili. Nikamtania, "Mzee, halikimbii." Hakucheka.

Basi nimeshinda, Wakio. Amesema alisahau, na mwenye jina ameridhia. Neno linabaki. Kwa nini ushindi huu hauna ladha, sijui. Kesho narudi Voi.

Donald Mwandawiro


Voi,
Jumatano, 18 Juni 2025

Wakio,

Solomon alinikosa kwenye basi Jumamosi. Barua yako ilikuwa inaningoja chini ya mlango. Nimeisoma mara tatu, nimesimama, kofia kichwani.

Nilimwita mwongo nyumbani kwake, mbele ya paka wake, naye akaendelea kukufunika. Ana miaka sabini na minne na bado anarudi kulitazama debe.

Nimezoea kuwa na maneno. Leo ninayo mawili matatu. Sitamwambia mtu. Sitakushauri useme, wala sitakushauri unyamaze. Nimewashauri watu vya kutosha kutoka mezani. Hilo debe ni lako.

Mchapaji nimemwambia asimame hadi tarehe 30. Ukurasa wa herufi P uko wazi.

Mwandawiro


Maungu,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Mwambie mchapaji aendelee, lakini soma kwanza.

Ijumaa ya tarehe 20 nilimwambia Nicholas, jikoni, huku nakuna nazi ili nisimtazame. Alitoka akaenda kupanga matairi yaliyokuwa yamepangwa tayari. Kesho yake nikafunga mtoto mgongoni nikapanda basi la Kasigau. Wale wa zamu hukutana Jumamosi asubuhi kugawana madungu, kama zamani, na baba bado ndiye anayesoma majina. Nilingoja amalize. Nikasema nina neno.

Baba alijua. Sijui alijuaje. Alisema, "Kaa chini, mtoto wewe."

"Sikai, baba."

"Wakio. Nimesema kaa."

"Nilikaa miaka ishirini na miwili."

Nikalisema lote: ngazi, matawi, "Umegeuza?", "Ndiyo, baba." Nilidhani nitalia, sikulia. Niliongea kama ulivyotufundisha kusoma insha: kichwa juu, bila kukimbia vituo. Nilipomaliza nilimsikia mtoto akinyonya kidole mgongoni. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa bibi Mkamburi, ambaye ndovu wale walimaliza mahindi yake yote. Alipiga makofi mara moja akasema, "Kumbe! Na mimi nilimnyima mtu wa watu chumvi mwaka mzima!" Hapo wote wakaanza kuongea kwa pamoja.

Baba alikuwa amekasirika kweli. Alinivuta pembeni. "Nimeubeba huo mzigo mpaka nikauzoea. Wewe unakuja kuutua asubuhi moja, hata chai sijanywa. Sasa mikono yangu nitaishikisha nini?"

Nikafungua leso nikampa mtoto.

Walikwenda wote wawili mpaka dunguni, baba akamwonyesha debe, akimweleza mambo kwa Kidawida ambayo mimi sikuitwa kuyasikia. Waliporudi nilihesabu hatua kwa macho. Baba hakugeuka nyuma.

Usidhani nimesamehewa bure. Vijana wa zamu walikuwa wanasikiliza, na unawajua vijana. Kufika mchana walishatunga. Kesho yake, Jumapili jioni, Solomon alinipigia simu kutoka Voi, hawezi kuongea kwa kucheka: fundi mwenzake amekiri kwa mteja kwamba ndiye aliyevunja kioo cha pikipiki yake mwaka juzi, na gereji nzima imepiga mayowe, "Amepiga wakio!" Siku moja na nusu, Mwalimu. Lako lilichukua mpaka mwezi wa nane.

Jana kanisani mchungaji aliuliza jina. Nicholas hakuwa ameniambia ameamua nini, na mimi sikuwa nimemuuliza. Nilitazama viatu. Nikamsikia akisema, kwa ile sauti ya kumwita dereva upande wa pili wa barabara, "Kituku!" Watu wawili nyuma walicheka. Nicholas akageuka na kuwatazama. "Ndiyo, Kituku," akasema. "Na huyu hatoki kitini." Baba alikuwa benchi la mbele na kofia magotini. Sikuweza kuuona uso wake, lakini mabega niliyaona.

Nikamuuliza Nicholas njiani kilichombadilisha. Akasema, "Mtu ametukanwa miaka ishirini na miwili asije mtoto wake akatukanwa siku moja. Halafu mimi nimtupe jina lake kwa sababu ya madereva?" Jogoo tulimla nyumbani kwetu. Alikuwa mgumu, alingoja sana.

Kwa hiyo usiliondoe neno. Liache limng'ate karani kama ulivyosema, ulisema kweli. Lakini asili yake uiandike yote, shati jeupe na ngazi, wewe na mimi. Na chini ya herufi hiyo hiyo uongeze moja jipya:

"Piga wakio: kusema ukweli baada ya kila mtu kuuzoea uongo. Mfano: Fundi amepiga wakio, kioo alikivunja yeye. Asili: inajulikana."

Ni mimi,
Wakio, binti Kituku, mama Kituku